Malalamiko Kuhusu Bafu Lisiloangusha Mtu

Kwa mwanangu wa kwanza, msimamizi wa mambo yote ya familia,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, isipokuwa goti lile la kushoto, nalo linakusalimu. Dada yako hajambo, nasikia. Wadogo zenu wawili hawajambo, nasikia pia. Jirani yetu mshona nguo hajambo, huyo nina hakika kwa sababu namwona. Paka hajambo. Nimeona niandike barua kwa kuwa nikipiga simu unaniambia, "Mama, niko kikaoni," na kikao hicho hakijaisha tangu fundi wako amalize bafu letu.

Sasa nakuja kwenye malalamiko, nayo ni haya:

1. Mlango. Bafu la zamani lilikuwa dogo, ukitaka kuingia lazima uache pumzi nje, na mlango unakugonga goti. Sasa umepanuliwa na unafungukia nje. Mtu anaingia na kutoka kama waziri. Mwanangu, mimi kwa umri huu nimeshazoea kubanwa kidogo.

2. Vyuma vya kushikia ukutani. Jirani alipoviona alishika kifua, akaniuliza, "Shoga, daktari amesema umebakiza muda gani?" Jioni yake wakaja wanawake watatu kunijulia hali. Ikabidi nikohoe, wasione wamekuja bure.

3. Kiti cha kuogea. Baba yako amehamia hapo. Anaingia na redio, anaoga kuanzia taarifa ya habari mpaka michezo. Nikigonga mlango ananijibu, "Mama watoto, nani alisema kuoga ni kusimama?" Miaka yote ya ndoa sikuwa na mke mwenza. Leo ninaye, ana miguu minne ya mpira.

4. Hili ndilo kubwa. Vigae vipya havitelezi. Nimejaribu hata kwa sabuni. Zamani mlikuwa na zamu: Jumamosi dada yako anakuja kunishika mkono nivuke kizingiti, Jumapili wewe unakuja kumshika baba yako, na wadogo zenu wanakuja kukagua kama mmetushika kweli. Mkishatuogesha mnakula, mnagombana, mnacheka, mnaondoka na vyombo vyangu. Bafu lilipokwisha mkasema, "Mama, sasa uko salama, tumepumua." Mkapumua kweli, hamjaonekana tena. Hicho chuma kinanishika vizuri kuliko dada yako, sikatai, lakini nikikiuliza habari za mume wake kinanyamaza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, vyuma ving'olewe, kizingiti kirudi mahali pake, na vigae viwe vile vya kuteleza. Sitaanguka sana. Nitaanguka kwa kiasi, kwa adabu, bila kuvunja kitu, tena mwisho wa wiki tu mnapokuwa hamna kazi. Kama vigae vya kuteleza havipatikani siku hizi, basi hivyo vyuma vifundishwe kuamkia. Asubuhi vinipe shikamoo, mchana kimoja kije mezani tule, kingine kinifokee kwamba nimezidisha chumvi.

Nisalimie mkwe wangu, wajukuu mmoja mmoja bila kuruka hata aliyenuna, na bosi wako mwenye vikao.

Ni mimi nikupendaye na kukuhofia kila saa,
Mama yako mzazi

Nyongeza: Fundi niliyemwita mwenyewe aje kung'oa amefika nikiwa nafunga bahasha. Nikaenda kumwonyesha pa kuanzia, mguu ukanasa kwenye ndoo yake, nikadaka chuma, kikanishika. Nimemfukuza, ila kwanza nimemwagiza kingine cha karibu na kitanda. Basi visiguswe. Nilichotaka ni mje tu. Kuandika hilo peke yake niliona haya, nikaona nizungukie bafuni. Nijibu upesi kama mnakuja Jumamosi, nijue nibandike sufuria kubwa au ile ndogo.