Nilivyopima Oili ya Pikipiki ya Marehemu

Leo heshima yangu imemwagika barabarani Sirari, mpakani na Kenya, mbele ya mkwe wangu. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mnaijua ile pikipiki kuukuu ya marehemu mume wangu. Mwanangu Chacha anataka kuiuza chuma chakavu. Asubuhi nikamwambia, "Naenda nayo Sirari, nampelekea dada yako unga wa uji wa mtoto, na nitarudi nayo. Ikifa njiani, uza."

"Haya mama," akasema. Na kucheka akacheka.

Nikatoka Kemambo nimenyooka kama bendera. Tarime mjini nikasimama kukagua injini, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Joto kwanza. Nikainyunyizia maji kwa vidole, kama ninavyopima kikaango. Yakalia chwaa, yakakauka. (Kikaango kingekuwa tayari kwa maandazi.) Nikasema, hii ina kiu ya oili. Nikaiegemeza kwa stendi ya pembeni, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa kanga, nikachovya. Kikavu. Nikachovya tena. Kikavu. Nikanunua chupa nzima nikaimimina yote. (Mimi sifanyi kitu nusu.)

Kijana wa bodaboda akanisogelea. "Shikamoo bibi. Umeipima imelala hivyo?"

"Marahaba. Hii nimeanza kuipanda kabla mama yako hajaolewa."

Nikaondoka kwa madaha.

Kufika karibu na Sirari, nyuma yangu ni moshi mtupu. Dereva wa lori la Kenya akatoa kichwa dirishani: "Shosho, hiyo ni piki ama ni jiko?" Shosho kwao ni bibi; nikakaza mwendo. Nilikuwa nimeapa kufika, na mlango wa binti yangu Bhoke ulikuwa mbele kidogo.

Ila kabla ya mlango wa Bhoke kuna gereji ya mume wake. Na kwetu Wakurya mnajua, mama mkwe na mkwe hawasogeleani, hawaangaliani usoni. Nilipanga kupita njia ya nyuma. Moshi ukanitangulia. Mkwe aliponiona akaruka nyuma ya turubai, nami nikajifunika kanga mpaka puani. Akabaki kuongea kupitia fundi mwenzake.

"Mwambie mama azime."

"Mama, unaambiwa uzime."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

Nikazima. Watu wakaanza kujaa.

"Muulize mama, aliipima ikiwa wima au imelala?"

"Mwambie imelala."

"Imelala!" yule fundi akapaza sauti, kana kwamba wa upande wa Kenya nao wanahitaji kujua.

"Na ameongeza oili kiasi gani?"

Nikainua ile chupa tupu. Turubai likaanza kutikisika. (Mkwe wangu ana adabu, hakutoa sauti.)

"Mwambie mama, ikilala oili inakimbilia upande mmoja, kijiti hakiifikii. Na ikitoka kukimbia, asubiri kwanza ishuke chini. Sasa aishike wima tuipunguze."

Nikaishika wima. Hapo ndipo nikakumbuka. Kila Jumamosi, akitaka kupima oili, marehemu alikuwa akiniita, "Mama Chacha, njoo unishikie." Stendi ya katikati, ile ya kuisimamisha wima, ilivunjika zamani. Miaka yote hiyo nilidhani anataka tu niwe karibu yake.

Oili ikamwagwa kwenye beseni mpaka kijiti kikasema basi. Moshi ukapungua, ukaisha. Chacha akapiga simu. Habari Sirari haina miguu lakini inakimbia.

"Mama, imekufa?"

"Haikufa. Ilizimwa."

Nyuma ya turubai nikasikia, "Mwambie mama amwambie shemeji, injini ni nzima kabisa. Mgonjwa ni mpimaji."

Unga umefika, mjukuu nimembeba, nimerudi Kemambo juu ya pikipiki yangu na haiuzwi. Nawaomba kitu kimoja tu. Anayetaka kunicheka, anicheke yeye mwenyewe. Asimtume mtu.