Gia Kubwa ya Ainembabazi

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mibuni imechanua. Harufu imenifuata hadi kitandani, nikaota. Mjukuu wangu Ainembabazi anapanda mlima wa Mabira kwa baiskeli yake ya mashindano, nyembamba kama swala. Gia ya mbele pana kama ungo! Hakuna sauti. Migomba imebaki chini, imejifunika ukungu. Nikaamka nimeshajua la kufanya.

Mashindano ni Jumamosi, kutoka hapa Chonyonyo hadi Mabira. Wawili wa kwanza wataingia timu ya mkoa, waende Bukoba. Mtoto huyu hataki kitu kingine duniani. Mimi nataka hilo, na jirani yangu Placida anyamaze. Mjukuu wake Jovin naye anashindana. Leo kisimani kaniambia msichana aliyezoea mikungu kichwani atulie na mikungu yake. Nikamwambia Jovin ana miguu ya kuku mgonjwa. Tukaagana vizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Kwa fundi Elipidius. Nikamwambia afungue gia ya mbele pamoja na mikono ya pedeli, afunge ile kubwa kuliko zote iliyoning'inia ukutani. Akacheka. Eti Bibi, mlimani mbele panataka ndogo, nyuma kubwa. Hiyo ni ya tambarare. Nikamwambia mkungu mkubwa ndio unaolisha harusi. Meno mengi hutafuna mlima mwingi. Shule sikukanyaga, herufi nilipewa na mwinjilisti siku za kipaimara, lakini kutafuna nakujua.

Akakataa. Nikamkumbusha ni mikono ya nani iliyompokea alipotoka kwa mama yake ametanguliza miguu. Akachukua spana.

Nikaketi kwenye gogo, nikatazama mnyororo ukizunguka, unameta, unanichukua polepole. Nikasinzia. Uzuri ulioje!

Ijumaa, 12 Septemba

Ainembabazi kaijaribu baiskeli. Karudi akiisukuma. Anasema kila pedeli ni kama kusukuma ng'ombe aliyelala. Anataka gia yake ya zamani. Balaa! Jana gia hiyo nilimpa Kashaija wa Bugomora, akanipa jogoo wa sherehe.

Akanitazama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Nikamsugua magoti kwa samli ya moto, nikamwambia aiamini ndoto. Akauliza, amefumba macho, tangu lini ndoto zikawa na magoti.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilitangulia kwa bodaboda, nikasimama kwenye mwinuko wa mwisho. Ukungu. Wakatokea mmoja mmoja, kama watu wasio na miguu. Ainembabazi nyuma ya wengi. Akayumba. Akasimama kabisa! Placida, ubavuni mwangu, akauliza kama gia imeshiba mlima. Mtoto alikuwa analia, ameshika usukani kama mkono wa maiti. Mimi ndiye niliyemfanyia hivi?

Hapana. Mlima.

Nikavua kilemba, nikakisokota ngata, nikamrushia, nikapiga kelele: Beba! Tangu lini mzigo ukamshinda mtoto wa Chonyonyo? Akaweka ngata, akapandisha baiskeli kichwani, akakimbia, shingo imenyooka, magurudumu yakijizungukia hewani. Ee Mungu, alipendeza! Akawapita wanaume waliokuwa wakihangaika na pedeli. Kileleni akaishusha, akapanda, na kule kwenye mteremko gia kubwa ikaruka naye. Wa pili!

Waamuzi wakabishana. Mmoja alitaka kumfuta. Mwenzake akasema sheria inataka mtu afike na baiskeli yake, haisemi nani ambebe nani. Kaingia timu! Wa kwanza ni Jovin, kwa hiyo Placida hakunyamaza hata kidogo. Tukakumbatiana, tukalia, tukatukanana.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Ainembabazi kanishika mikono yote miwili. Kaniomba, kwa upendo wa Yesu, nisiguse tena gia zake. Elipidius atamtafutia ndogo kabla ya Bukoba. Nimeapa. Gia sigusi.

Mchana nikajilaza. Jua linacheza kwenye majani ya mgomba, kivuli kinatembea ukutani. Nikamwona tena akiteremka, wa pili, nyuma kidogo tu ya Jovin. Kwa nini wa pili? Kuna kitu kilimshika.

Nikaamka. Breki!

Kesho alfajiri naenda kwa Elipidius azing'oe zote mbili.