Ndege Inayokataa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Imeruka! Miezi minne nachonga sponji gumu nyuma ya karakana, wateja wakiuliza makochi yao yamefikia wapi, na leo saa kumi jioni ndege yangu isiyo na injini imetoka mkononi mwangu pale kilimani ikakaa hewani. Kimya. Hakuna mlio wowote. Mabawa mita mbili, na upepo umeibeba kana kwamba walikuwa wakijuana.

Tatizo dogo: haikati kona. Nikiiamuru kushoto kwa rimoti, inalalia kushoto vizuri kabisa, halafu pua inageukia kulia. Imeishia kichakani. Nimetoa miiba kumi na mmoja. Saba kwenye ndege, minne kwangu.

Jumamosi shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu wa fizikia, ataleta ndege yake kilimani. Baba mkwe atakuja kutazama. Mzee alikuwa mpima ardhi maisha yake yote, akipanda milima na kushuka. Sasa miguu imegoma, anashinda dirishani. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yangu ananiita "yule". Yule amekula? Yule bado yupo? Jumamosi atamjua yule ni nani!

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Nimekwenda kwa shemeji kwa kisingizio cha kupima kochi lake. Nikampima na mkewe uvumilivu, maana nilizunguka kochi mara nne. Shemeji alipoenda kunawa mikono, nikaikamata rimoti yake. Ina kioo kidogo chenye namba za asilimia: vile vibawa viwili vya ukingoni mwa mabawa, vinavyoilaza ndege upande, vipande kiasi gani na vishuke kiasi gani. Nikanakili upesi kiganjani. Tisini na thelathini.

Akarudi, akaniuliza mbona natoka jasho. Nikamwambia kochi lake lina hali mbaya kuliko nilivyodhani.

Shemeji maskini. Siri yote kiganjani mwangu!

Jumatano, 5 Machi

Nimeweka namba za shemeji. Kupanda thelathini, kushuka tisini.

Afadhali nisingeziweka. Ukiiambia kushoto sasa inakwenda kulia kwa nguvu zote, tena kwa furaha. Ilimfuata muuza magazeti mpaka mlangoni kwake. Mzee wa watu alikuwa amelala chini kifudifudi, ndege ikapita juu yake, na hata hapo alipoinua kichwa alisema, "Lakini inaelea, bwana!" Kweli. Inaelea. Nilimsaidia kuokota magazeti, sote wawili tukitazama juu ingawa huko juu hakukuwa na kitu tena.

Nimeng'amua: shemeji aliandika namba za uongo makusudi ili nizinakili. Mtu mbaya sana.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ametoka zamu hospitali, amenikuta nimekaa sakafuni naongea na ndege. Amevua viatu, akauliza ina nini. Nikamweleza kwa kirefu, nikatumia maneno ya kitaalamu ili asichangie.

Akachangia. Alisema kitanda cha mgonjwa kikiwa na gurudumu linalokwama upande wa kulia, utakisukuma kwenda kushoto mpaka jasho likutoke, na bado kitavutia kulia. Akashika kibawa cha kulia, akakishusha kwa kidole.

"Hiki kikishuka kinaukamata upepo. Ndilo gurudumu lako hilo. Kipunguze kushuka, acha cha upande wa pili kipande sana. Na mkia nao ugeuke kidogo, uisaidie pua."

Nikasema nilikuwa nakaribia kusema hivyohivyo. Akanishika mkono, akasoma kiganja changu ambacho sijakiosha vizuri tangu juzi. Kupanda tisini, kushuka thelathini. Aliuliza kwa nini nimeweka kinyume.

Nimemwambia asiniharakishe.

Ijumaa, 7 Machi

Sina maneno, lakini nitajaribu.

Asubuhi, kabla ya kufungua karakana, nilipanda kilimani peke yangu. Umande bado kwenye nyasi. Kupanda tisini, kushuka thelathini, usukani wa mkiani ukifuata taratibu. Nikairusha. Nikagusa kijiti cha rimoti kushoto, kugusa tu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ikalala kushoto. Na pua ikafuata! Duara zima, bila kuyumba, bila kushuka, jua likipita juu ya bawa lote kutoka ncha hii mpaka ile. Nikasema "Ee Mungu wangu" kwa sauti. Ng'ombe mmoja akageuka.

Nimechelewa kazini kwa saa mbili.

Mpango wa kesho: kiti cha baba mkwe nitakiweka mimi, mahali ambapo shemeji atalazimika kurusha akikabili jua.

Jumamosi, 8 Machi

Jua limehama. Nilisahau kuwa huwa linahama. Aliyelikabili ni mimi.

Shemeji alitangulia. Ndege yake ilizunguka mara tatu, ikatua miguuni pake kama njiwa wa kufugwa. Baba mkwe, tuliyembeba hadi juu na kiti chake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikaitupa ya kwangu kwa hasira, ikaenda mbali, ikaingia mahali ambapo hewa ya joto inapanda kutoka kwenye mawe, ikaanza kupaa yenyewe. Ikawa ndogo. Ikawa kama punje. Shemeji akapiga kelele nikate kona, kushoto, kushoto! Mikono yangu ilikuwa imekufa. Sikujua tena kushoto ni wapi.

"Lete hapa," alisema baba mkwe.

Mikono ile humwaga chai kila asubuhi. Iliposhika rimoti, ilitulia tuli, nadhani kama ilivyotulia zamani kwenye vyombo vyake vya kupimia. Alitazama juu kwa muda. Kulikuwa na mwewe, anazunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Mzee akaizungusha ndege taratibu mpaka ikaingia chini ya mwewe, duara chini ya duara. Zikapanda pamoja. Mwewe aliinamisha kichwa, akaitazama, akaikubali.

Shemeji alivua kofia. Mke wangu alinishika mkono wa shati. Sijui ilichukua muda gani. Najua shingo iliniuma na sikutaka kuishusha. Sponji langu la makochi, jamani! Sponji, pale juu!

Shemeji alimsaidia kuitua. Baba mkwe alifuta macho, akauliza nani ameitengeneza hivi, maana inasikia hata kabla hujaiambia.

Mke wangu akanitazama. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kumtaja mwingine.

"Mimi, baba," nikasema.

"Hongera sana, mwanangu. Jumamosi ijayo naomba niirushe tangu mwanzo."

Mwanangu! Mke wangu akauachia mkono wa shati.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hajazungumza nami tangu jana, isipokuwa kuomba chumvi. Ameenda zamu. Uchovu tu, masikini.

Nimetafakari ugunduzi wangu wa kona. Kama kushuka thelathini kunaipa kona nzuri hivyo, kushuka sifuri kutaipa kona ya ajabu! Na kupanda mia na hamsini! Mkia nimeufunga kwa gundi, kazi yake sikuiona. Baba mkwe atashangaa. Shemeji nimempigia simu kumpa ushauri. Alikata, mtandao mbovu.

Nimejaribu kutoka paa la nyumba, kuokoa muda wa kupanda kilima. Nikaiambia kushoto.

Kona ya ajabu kweli. Sijawahi kuona kitu kikigeuka namna ile.

Iko juu ya tangi la maji la hospitali, ng'ambo ya barabara yetu, mkia juu, inaonekana vizuri kutoka madirisha yote ya wodi. Mke wangu yumo katika mojawapo. Hakuna shida. Nitavaa ovaroli na kuingia kama fundi bomba.