Blanketi la Kilo Saba

Jumapili, 3 Novemba

Barua ya mdogo wangu imesomwa kanisani. Yeye na mumewe ni wamisionari ng'ambo, mwaka na miezi miwili sasa. Anasema nyumba yao ina joto la kutosha, mabomba ya maji moto yamepita kila chumba. Shida ni watu. Jengo la ghorofa sita, milango ishirini na minne, na hakuna jirani hata mmoja aliyevuka kizingiti chao. Salamu wanaitikia kwa nyusi! Mchungaji anakwenda kuwatembelea wiki ijayo. Akikuta mambo ni yale yale, watafunga virago warudi naye.

Kanisa zima likaguna. Mimi nikashika kichwa. Chumba chake cha hapa nyumbani nimekijaza mablanketi ya dukani, mia moja na kumi na mawili. Akirudi nitayapeleka wapi? Si kwamba ndiyo sababu ya kumwombea abaki. Naandika tu.

Begi la zawadi lisizidi kilo ishirini na tatu. Begi lenyewe tatu, zinabaki ishirini. Kila kundi lilete fungu lake Jumamosi, lipimwe kwa mizani yangu. Mwingine mwenye mizani nani?

Jumanne, 5 Novemba

Jibu nimelipata. Blanketi! Kilo saba, simba wawili, upindo wa hariri. Mke wangu akauliza kama habari ya mabomba haikunifikia. Ilinifikia. Mtu mpweke hajui anachohitaji. Akasema hapo nimesema kweli, kisha akazima redio akaenda kulala saa mbili. Sijui ana nini.

Sasa hili la Mwalimu Mstaafu. Ndiye mkuu wa shule ya Jumapili. Mwaka jana nilituma mito minne. Barua ya shukrani ilipokuja, aliyetajwa ni yeye, kwa soksi. Soksi! Gramu themanini! Mimi niliyeanza na blanketi moja begani, nikitembea mtaa kwa mtaa mpaka nikafungua duka, sikupata hata nukta.

Mwaka huu amewaandikisha watoto barua sitini na nne, kila moja na mchoro wake kwenye kadi ngumu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto hao kabla hajaondoka. Naijua mbinu hiyo. Atatajwa tena.

Hatatajwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefunga chuma cha kilo moja chini ya sahani ya mizani. Mshale ukasimama kwenye moja kabla ya kupima chochote, basi pale kwenye sifuri na moja nimebandika utepe mweusi. Kila fungu litaongezeka kilo. Isipokuwa langu, ambalo nimelipima leo na kuliandika mwenyewe, chuma kikiwa bado mezani. Akili haisomewi.

Jumamosi, 9 Novemba

Imekwenda kama maji! Sabuni za akina mama: nne. Viatu vya vijana: tatu. Vitabu vya kwaya: nne. Chai ya wazee: mbili. Blanketi: saba. Jumla ishirini. Begi limejaa! Shule ya Jumapili nilikuwa nimeiweka mwisho wa foleni, watoto wajifunze subira.

Mchungaji akaniomba nipunguze blanketi. Nikamuuliza anikatie simba yupi.

Mwalimu Mstaafu akaukodolea macho ule utepe. Akauliza mizani imeumia wapi. Nikasema kioo kina ufa. Akanyanyua fungu la sabuni kwa mkono mmoja, akalipandisha, akalishusha, akalirudisha.

"Pole yake mizani," akasema. "Iombewe."

Akaondoka na barua zake bila kulalamika. Hilo halijanipendeza.

Jumatatu, 11 Novemba

Uwanja wa ndege. Tumekwenda kumsindikiza Mchungaji, watu kumi na mmoja na ngoma moja ya kwaya. Begi likapandishwa kwenye mizani yao. Kumi na tisa! Mchungaji akashangaa. Kwaya ikasema ni muujiza. Mimi nikasema mashine za hapa ni za zamani.

Mwalimu Mstaafu hakusema muujiza. Alifungua mkoba. Barua zote, kilo mbili. Na sweta mbili alizofuma mwenyewe, kilo mbili. Begi likafika ishirini na tatu, si pungufu, si zaidi. Alikuja tayari!

Akaniinamia sikioni. "Nimefundisha watoto kupima uzito miaka thelathini na mmoja, baba. Kuna mmoja alikuwa akificha jiwe. Alikuwa darasa la pili."

Jumapili, 24 Novemba

Mchungaji amerudi peke yake! Kanisa lilipomwona anaingia bila mdogo wangu, vigelegele mpaka akashindwa kuanza.

Ilikuwa hivi. Barua hazikuenea kwenye ukuta wa sebule, basi mdogo wangu akazibandika ngazini, ghorofa zote sita, na chini ya kila moja akaandika tafsiri. Majirani wakaanza kusimama. Mtoto mmoja alikuwa ameuliza kama huko kuna mbwa wakubwa. Bibi wa ghorofa ya tatu akasoma, akarudi kwake, akaja kubisha hodi na mbwa wake ili jibu lionekane. Akakaa saa mbili. Kesho yake akaja mwoka mikate, kujibu swali la mkate. Wiki ilipokwisha, milango kumi na mmoja ilikuwa imefunguka. Hawarudi!

Picha ikaonyeshwa ukutani. Sebule imejaa watu wanacheka, mdogo wangu yuko katikati, kanenepa. Na sakafuni, juu ya simba wangu wawili, limelala jibwa kama ndama.

Shukrani: kwa Mwalimu Mstaafu, barua na sweta. Na kwa aliyetuma kile kitanda cha mbwa.

Kanisa lilicheka dakika nzima. Mke wangu alilia kwa kucheka. Na mimi macho yalinitoka machozi, lakini ni vumbi la mablanketi.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimetafakari. Barua zilipata nafasi kwa sababu begi lilikuwa na upungufu. Upungufu ulitokana na chuma. Chuma ni changu. Kwa hiyo milango kumi na mmoja niliifungua mimi.

Mke wangu akachukua kalamu: tatu, mbili, tatu, moja, saba, mbili, mbili. Ishirini. Bila chuma vyote vingeenea tangu Jumamosi, akasema, na nisingeaibika. Nikamwambia hesabu yake haina imani.

Mchungaji atakwenda tena Aprili. Nimeshatenga blanketi la kilo tisa, chui watatu. Kwa kuwa mdogo wangu anabaki, nimeingiza mengine arobaini chumbani kwake. Mlango unafunguka nusu. Kosa nimeligundua: utepe mweusi unaonekana mno. Leo nimenunua mweupe.