Ndege Niliyomwahidi Mama Mkwe

Jumapili, 6 Februari 1972

Nimemdanganya mama mkwe. Sikukusudia.

Tulikwenda Tetu, mimi na mke wangu Watiri, kumsalimu mama yake, Waithira. Nilibeba mkate. Mkate mzuri tu. Kufika, pikapu ya Moffat iko uani! Moffat amemwoa dada ya Watiri. Ana bucha Nanyuki, anauzia jeshi nyama, na hajui kutembelea mtu mikono mitupu. Leo paja zima la ng'ombe. Na blanketi! Mkate wangu ukawekwa juu ya kabati, nyuma ya taa.

Hapo ndipo kinywa changu kilipofunguka chenyewe. Nikasema kampuni ya Ndege Rahisi inaweka kituo chake hapa Nyeri. Ndege zitalala kwetu kama kuku, asubuhi ziamke kwenda Mombasa, kwa nauli ambayo hata mkulima wa kahawa ataiweza. Na abiria wa kwanza ni Mama.

Kitindamimba wake, Kingori, yuko bandarini Mombasa. Alienda zamani, akaoa huko, akapata mtoto ambaye Mama hajamwona hata kwa picha. Mama aliweka kikombe chini. Aliuliza jambo moja tu: "Hiyo ndege itasimama Nairobi?" Nairobi anaiogopa kuliko chui.

Nikajibu, "Moja kwa moja, Mama."

Akajifuta macho kwa pindo la kitambaa. Moffat akanyamaza. Ah, utamu wa kumnyamazisha Moffat! Ulidumu mpaka langoni. Kutoka hapo nilitembea nikitazama viatu vyangu.

Jumatatu, 7 Februari

Asubuhi nilifunga duka la kutengeneza redio, nikaenda kutafuta ukweli kidogo wa kuweka chini ya uongo wangu. Yakubu ni mtoto wa mtaa wetu wa Majengo, tulicheza mpira pamoja, sasa ni afisa wa Ndege Rahisi. Ndiye aliyenidokezea habari ya kituo wakati nikimtengenezea redio. Kumbe alisema "huenda"! Hilo neno nililiacha dukani.

Kampuni bado inachagua kati ya Nyeri na Nanyuki. Safari za moja kwa moja zitaanzia pale kituo kitakapokuwa. Jumamosi ndege itakuja kukagua. Itatua kwetu kwanza, kwenye kile kiwanja cha nyasi njia ya Mweiga, halafu Nanyuki. Nikamuuliza kampuni inatazama nini hasa. Akasema wanatazama kiwanja, na kama abiria watapatikana.

Abiria! Mengine aliyoyasema sikuyasikia.

Jumatano, 9 Februari

Mpango umekamilika. Jumamosi nitajaza kiwanja. Nimeongea na kwaya ya kanisa, na akina mama wa chama cha akiba, na wauza kabichi wa sokoni. Kila mtu avae nguo za Krismasi, kila mtu abebe sanduku. Asiye na sanduku nimempa katoni ya redio. Kwaya itaimba ndege ikifungua mlango. Nimewaambia kampuni yenyewe ndiyo imeniomba. Mzee wa kanisa ameniita mwenyekiti.

Watiri aliuliza sanduku tupu linasafiri kwenda wapi. Nikamwambia ajaze maganda ya mahindi. Alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoganda.

Habari kutoka Nanyuki: Moffat anafyeka nyasi kiwanjani kwao, amefukuza kondoo, anapaka mawe chokaa. Mawe! Nilicheka hadi nikaungua mkono kwa chuma cha kulehemu. Mawe yatapanda ndege?

Ijumaa, 11 Februari

Aibu. Jioni hii Mama amefika kutoka Tetu na begi lake. Halina maganda ya mahindi. Lina nguo, na viazi vitamu vya Kingori, na sweta ndogo ya manjano aliyomfumia mjukuu. Amesikia ndege inakuja kesho, akajua ndiyo ile yake. Ameaga majirani wote. Ng'ombe amemwachia jirani.

Nilitaka kumwambia. Nilifika hadi kwenye "Mama, hiyo ya kesho…" Akanyoosha sweta kifuani pake, akaniuliza kama Mombasa kuna baridi. Nikasema asubuhi kidogo.

Mombasa!

Watiri amejua kila kitu. Ananipakulia chakula kwa heshima, kama mgeni.

Jumamosi, 12 Februari

Mungu wangu.

Niliita watu wa kutosha. Walikuja watu wa kutosha, na jamaa zao, na soko zima nyuma yao. Mtu mmoja alileta ng'ombe, ati aulize kama anapanda. Kiwanja chote kilijaa suti na masanduku, toka mwisho hadi mwisho. Nilisimama katikati nikijisifu.

Ndege ikatokea, ndogo, nyeupe. Ikashuka. Vigelegele! Watu wote wakakimbia kuilaki. Ikapanda tena, ikazunguka, ikarudi chini. Mwalimu wa kwaya akaona hawaonekani vizuri, akaipanga kwaya katikati kabisa, pale magurudumu yalipotaka kugusa.

Hapo nikaelewa. Nikakimbia nikipunga mikono, nikipiga kelele watoke. Wao wakadhani mwenyekiti anakimbilia kupanda. Wakanifuata! Wote! Na katoni zangu vichwani!

Ndege ikainua pua, ikageukia mlima, ikaenda Nanyuki.

Kwaya ilimaliza ubeti.

Mama alikuwa amekaa juu ya begi lake ukingoni mwa kiwanja, viatu vimepakwa rangi. Akauliza kama ndiyo ile. Nikasema imeenda kujaza mafuta. Nilisema hivyo! Kwa kinywa hiki!

Watu walinipita mmoja mmoja, hakuna aliyenisalimu. Mwenye ng'ombe alitema mate. Mama hakusogea. Jua lilipoanza kumpiga usoni aliinuka, akajikung'uta nyasi, akasema polepole, bila hasira, "Gatimu, mimi sikutaka ndege. Nilitaka kuona mtoto."

Ningefurahi angenipiga.

Jumatatu, 14 Februari

Mama alirudi Tetu jana kwa miguu. Alikataa nimbebee begi.

Yakubu amepita dukani. Kituo ni Nanyuki. Kule rubani alikuta nyasi fupi, mawe meupe, na Moffat peke yake, amevua kofia. Safari ya Mombasa, moja kwa moja, itaanza mwezi ujao. Nikamuuliza kuhusu wingi wa abiria wetu. Akasema rubani aliusifu sana, kwa maneno ambayo yeye hawezi kuyarudia mbele ya duka.

Ijumaa, 3 Machi

Moffat amekuja na pikapu. Kesho ndege ya kwanza inaruka na Mama ana kiti. Nilijiandaa achekwe mtu, na huyo mtu ni mimi. Hakucheka! Aliniita kando ya duka, akaniambia Mama anaogopa kupanda, na kwamba yeye Moffat hajui kuongea na watu kama nijuavyo mimi. Twende wote, nimshike mkono mpaka mlangoni.

Kumbe ni mtu mzuri. Sijawahi kuumizwa hivyo.

Nikamwambia nina redio nyingi. Nina redio moja, na mwenyewe alikufa. Watiri akapanda pikapu. Mama alikuwa mbele, begi mapajani. Alinipungia mkono. Nikajificha nyuma ya kabati kama mwizi.

Alhamisi, 9 Machi

Watiri amerudi. Anasema Mama alifumba macho hadi ndege ilipoondoka ardhini, na hata baada ya hapo hakuna aliyemwona akiyafumbua. Habari zimefika kwamba Kingori alimpokea. Mtoto anavaa sweta katika lile joto, akivuliwa analia.

Halafu Watiri akaniambia jambo lingine. Pale Nanyuki, mbele ya Moffat na watu wote, Mama alisema, "Hii ndege ilianza kwa fikira za Gatimu." Alisema kwa dhati.

Nimekaa dukani mlango umefungwa. Nimeamua. Jumapili nitasimama kanisani, niombe msamaha. Maneno machache. Nilidanganya, nisameheni, basi.

Jumapili, 12 Machi

Nilisimama.

Nilianza vizuri. Nilisema ndugu zangu, kuhusu jambo la ndege. Kanisa lote likageuka. Nikaona kwaya. Nikaona mwenye ng'ombe. Nikaona akina mama wa chama wamekunja mikono. Nikasema ukweli ni kwamba ndege ya kawaida haitufai watu wa Nyeri, kwa sababu inahitaji kiwanja. Helikopta haihitaji. Helikopta inaweza kutua hapa hapa, nyuma ya kanisa, penye miparachichi.

Halafu mzee mmoja nyuma akasema amina.

Kamati inakutana Jumanne. Wamenichagua mwenyekiti. Nimewaambia waje na masanduku.