Hesabu Tu, Usiguse Kitu

Jumatatu, 3 Juni

Nimepewa kazi. Kazi ya kweli! Dada yangu anasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa ugavi, yaani jinsi vitu vinavyosafiri kutoka kwa anayevitengeneza hadi kwa anayevitumia bila kupungua wala kurundikana. Tasnifu yake inahusu karakana ya Mama ya kushona sare za shule: kwa nini wiki hii hatuna zipu na wiki ijayo tunakanyaga zipu. Kwa wiki kumi na moja amehesabu stoo kila siku saa nne asubuhi. Imebaki ya kumi na mbili, na wiki hii ana mitihani. Msimamizi wake anataka namba zote Jumatatu ijayo. Akizikosa, Dada atasubiri mwaka mzima ndipo ahitimu.

Kwa hiyo nahesabu mimi. Mama amesema nikifanya vizuri, ufunguo wa stoo utakuwa wangu moja kwa moja. Nimemaliza shule miezi mitatu iliyopita na sijatamani kitu kama ufunguo huo. Stoo haina watu. Stoo haikuulizi una mpango gani na maisha.

Dada amenipa daftari na amri moja. "Hesabu tu. Usiguse kitu." Ameirudia mara tatu, kama anafundisha kasuku. Nimeumia kidogo. Nimechukua kitabu chake kinene nikasoma sura ya nne. Sura moja tu, na tayari naona makosa kila mahali.

Jumanne, 4 Juni

Vifungo vyeupe: pakiti tisa. Jana kumi na nne! Kitabu kinasema ghala lisilo na akiba ya tahadhari linajiombea balaa. Ilibidi nimwambie Bi Mkasi, mkata vitambaa wetu, ambaye ndiye mkubwa wa karakana Mama asipokuwepo. Bi Mkasi huongea na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. Nilifanyia mazoezi sentensi yangu kwenye ngazi. Nikafika mezani kwake, nikamwamkia, akaitikia, akauliza nina shida gani. Nikamwambia nimekuja kuangalia kalenda. Nikaiangalia. Akasema leo ni tarehe nne, binti, kwa sababu jana ilikuwa tatu. Mafundi wakacheka hadi cherehani zikasimama.

Basi nimefanya kitaalamu. Nimechukua pakiti sita nikaziweka kwenye boksi tupu nyuma ya majora ya bitana. Akiba ya tahadhari! Vikiisha, nitatokea navyo kama mkombozi. Daftarini nimeandika tatu, maana nadhani kitabu kinasema akiba haihesabiwi. Ukurasa wenyewe una grafu tu.

Sijagusa kitu. Nimehamisha.

Jumatano, 5 Juni

Kumekucha vibaya. Bi Mkasi aliingia stoo asubuhi, akaona pakiti tatu, akatoka akitangaza kwamba vifungo vimekwisha. Hakusema vinapungua. Vimekwisha! Mafundi wote saba wakainuka kwa pamoja. Kila mmoja akachota konzi yake akaificha kwenye droo ya cherehani. Kufika saa nne, saa yangu ya kuhesabu, rafu tupu.

Halafu kuna huo msumari. Kwetu hapa anayetaka kifaa huandika kikaratasi na kukichomeka kwenye msumari ulio karibu na mlango. Kila Alhamisi dereva wa duka la jumla huvikusanya. Hakuna anayeandika jina, hakuna anayesoma cha mwenzake. Enzi hizi! Bi Mkasi akachomeka chake: katoni moja. Fundi wa kwanza alipomwona akainuka naye, katoni moja. Wa pili alipomwona wa kwanza, vivyo hivyo. Vikafika vikaratasi vinane.

Ningeweza kutoa boksi langu pale pale. Lakini ningelazimika kueleza. Mbele ya watu wanane. Kwa sauti. Badala yake nikaandika cha tisa, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane: VIFUNGO VYEUPE, KATONI MBILI, TAFADHALI. Vikija kwa wingi, nani atauliza vya zamani vilikwenda wapi? Werevu wangu wakati mwingine unanitisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka na mashaka. Katoni moja ina pakiti hamsini! Nikakusudia kuondoa kikaratasi changu kabla dereva hajafika. Bi Mkasi alikuwa amesimama mlangoni ananoa mkasi, hana haraka na dunia. Nikajifanya natundika sweta. Kwenye msumari wa vikaratasi. Akaniuliza kama nyumbani kwetu hakuna kabati. Nikavuta karatasi moja, nikaitia mfukoni, nikaenda kuisomea chooni.

LASTIKI YA SKETI, ROLI TANO. Mwandiko wa Mama.

Nikarudi mbio. Msumari mtupu! Dereva alikuwa anageuza gari nje. Nilimkimbilia hadi dirishani, naye akashusha kioo akauliza kuna nini, mdogo wangu.

Nikamtakia safari njema.

Ijumaa, 7 Juni

Katoni kumi na moja. Zote vifungo vyeupe. Kumi tuliziomba wenyewe. Ya kumi na moja aliongeza mwenye duka, ambaye alipoona vikaratasi vingi namna ile alidhani tumepata zabuni kubwa, akaona tusije tukaaibika. Lastiki hakuna. Sketi mia mbili za shule ya jirani, za kukabidhiwa Jumanne, zimelala mezani hazina viuno.

Katoni zimejaza stoo, zimeshuka ngazi, moja imekaa kwenye kiti cha Mama. Mama akasimama kando yake na vile vikaratasi, ambavyo dereva alivirudisha pamoja na mzigo. Akauliza mmoja mmoja. Kila mmoja akajibu kwamba yeye aliomba katoni moja tu, na katoni moja ni nini jamani. Mimi nikawa nahesabu kwa bidii vitu nilivyokwisha kuvihesabu. Kisha Mama akasoma kile cha herufi kubwa. Bi Mkasi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Bosi," akasema, "humu ndani nani mwingine anaandika tafadhali?"

Wakanigeukia wote. Baadaye, walipokuwa wanasogeza majora kutafuta nafasi, boksi langu likaanguka na pakiti zake sita. Mama hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 8 Juni

Dada amemaliza mitihani. Alikuja kuchukua daftari huku anaimba. Akalifungua: kumi na nne, tatu, sifuri, sifuri, mia tano na hamsini. Akaacha kuimba.

Mama alikuwa ameshamsimulia mengine. Dada akanieleza taratibu, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. Hofu ndogo ya mtu mmoja dukani hugeuka mlima inapofika kwa muuzaji wa jumla. Ndicho alichokuwa anakichunguza. Alikaa wiki kumi na moja akisubiri aone kama kitatokea chenyewe, na sasa kimetokea, lakini kimetengenezwa na mdogo wake mwenyewe. Namba hizo hazifai. Bila hizo, wiki kumi na mbili hazitimii, na ni mwakani.

Nikapendekeza tufute ile tatu tuandike tisa. Akanitazama. Sikupendekeza tena.

Halafu akainama chini ya meza kutafuta kalamu, akakawia sana huko. Kalamu ilikuwa sikioni mwake.

Jumatatu, 10 Juni

Dada ameniburura hadi chuoni. Msimamizi wake ni mama mfupi mwenye miwani mikubwa, na ofisi yake ina feni inayolia kama mtoto. Dada akaanza kueleza. Yule mama akamzuia kwa kiganja, akanigeukia mimi.

"Namba hizi ulizihesabu au ulizipika?"

Palikuwa na kalenda ukutani. Niliiangalia, sikatai. Kisha nikamwona Dada ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kudungwa sindano, na nikajikaza. Nikasema. Yote! Boksi, msumari, sweta, lastiki, safari njema. Nilikuwa naongea na kikombe cha kalamu mezani, lakini niliongea, dakika kumi nzima, na sauti ilitoka. Nilipofika kwenye safari njema, yule mama alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hukumu: wiki yangu ifutwe yote. Dada amepewa wiki mbili, ahesabu upya kwa mkono wake mwenyewe. Ila ziwe wiki za kawaida, zisizo na jambo. Ikitokea vurugu nyingine karakana, basi hadi mwakani, na msimamizi hatasikiliza hadithi nyingine. Dada alinishika mkono tangu mlangoni hadi chini ya ngazi. Alisema hakujua kwamba nina sauti nzuri hivyo. Kisha akasema nikikanyaga stoo atanivunja miguu.

Jumatano, 12 Juni

Amani tupu. Lastiki imeletwa, ile shule imekubali kungoja hadi Ijumaa, mafundi wamerudi kwenye porojo zao. Mama hata amenitania mezani.

Lakini katoni bado ziko kwenye ngazi. Leo Mama ameiruka moja akiwa na kikombe cha chai, na chai haikuruka naye. Moyo umeniuma. Stoo sikanyagi, nimetii. Kuandika hakuna aliyenikataza.

Basi nimewaandikia walimu wakuu wa shule zote sita tunazozishonea. Barua sita, za wazazi sita tofauti wenye uchungu na watoto wao, mmoja wao babu mstaafu. Hoja zimepangika: lastiki hulegea, kifungo hakilegei. Tunaomba sketi zote zibadilishwe kabla ya mwezi kwisha, kila kiuno vifungo kumi na viwili, na kila shati vifungo ishirini. Miandiko sita, wino wa rangi tatu. Nilipopiga hesabu nikakuta katoni kumi na moja hazitatosha, tutaagiza nyingine! Nimezitia posta mchana.

Jioni Dada akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema basi tu. Akasema hata yeye ana furaha: siku mbili za kuhesabu na hakuna kilichotikisika, zikienda hivi hadi mwisho anavaa joho. Nikamwombea iwe hivyo hivyo, na nilimaanisha kabisa.

Barua zinafika kesho.