Themostati Janja na Posa ya Lulu

Jumatatu, 12 Januari

Imefungwa! Themostati janja iko ukutani sebuleni, nyeupe, ya duara, inawaka namba. Mtaa wetu wote wa Kipawa hakuna mwingine mwenye nayo, fundi Daniel kaniapia. Nimemweleza Mwamvita faida zake kwa utulivu, kama mume. Kwamba inaongoza kiyoyozi yenyewe. Kwamba mtu akiingia inajua, chumba kikibaki kitupu inazima, umeme unapona. Mwamvita kasema hata yeye anajua mtu akiingia, na akitoka anazima mwenyewe. Mke wangu mtu mwema, lakini sayansi hamna.

Jumatano, 14 Januari

Shemeji Suleiman kapiga simu. Kaka yake Mwamvita, wa Msasani, viyoyozi mpaka jikoni. Jumamosi watu wa Mudathir wanaleta posa ya binti yetu Lulu, naye anataka wapokelewe kwake. Eti sebule yangu tanuri la mikate, wazee watatoka wameiva. Thubutu! Mie Mwinshehe nipokee posa ya mwanangu wa pekee kwenye makochi ya mtu mwingine? Nimemwambia aje aone digrii ishirini na mbili za halali.

Lulu kanifuata uani baadaye. Kaniomba nisilete vituko. Msemaji wao ni Mzee Jabiri, babu yake Mudathir, mtu wa hasira za karibu. Mwaka juzi alinyanyuka na barua yake kwenye posa ya mjukuu mwingine kisa kahawa imechelewa. Ndoa ile ikafa. Mtoto machozi yanamlenga. Anampenda kijana huyu mwaka wa tatu sasa. Nimejipiga kifua: baba yupo.

Alhamisi, 15 Januari

Majaribio. Nimetembea sebuleni, baridi safi. Nikala wali kwa mchuzi wa papa, nikaegemea kochi, nikasinzia. Nimeamka nimelowa chapachapa! Kiyoyozi kimejizima. Daniel kaja, kacheka, kaeleza: chombo kinaangalia watu wanavyojongea. Asiyetikisika hakimwoni, kinahesabu hayupo. Kasema kuna kitufe, nikibonyeze kiache kuangalia, kipulize tu muda wote. Nimekataa. Ununue akili halafu uizime? Tena siku ya posa sebule itajaa watu. Nani atakaa kama gogo?

Jumamosi, 17 Januari

Walikaa kama magogo.

Wazee sita, kanzu na kofia, mikono juu ya bakora, macho kwenye mkeka. Hata kope haipigi! Na sie upande wa mwali hivyohivyo, maana ndiyo adabu yenyewe. Anayechezacheza kwenye posa huonekana ana njaa ya mahari. Mzee Jabiri peke yake ndiye anaongea, anahesabu ukoo wao kuanzia Kilwa. Dakika ya kumi na tano kiyoyozi kikanyamaza. Madirisha nimefunga mwenyewe, mapazia nimeshusha mwenyewe. Jasho likaanza kumdondoka mzee puani.

Nikapunga mkono kama naua mbu. Kikawaka. Nikatulia, baada ya muda kikazima. Suleiman ananitazama, anatabasamu. Nikakohoa kwa mwili mzima. Wapi! Basi nikasimama.

Yarabi! Mwenye nyumba akisimama kabla barua haijapokelewa, kwa wazee hawa maana yake kafunga kikao: mmekataliwa, mlango ule pale. Mzee Jabiri alikuwa kafika kwa babu wa nne. Akakatiza. Barua iliyofungwa kwenye leso ikarudi mfukoni. Wazee wote wakainuka. Hapo themostati ndiyo ikaona watu, kiyoyozi kikapuliza baridi ya kugandisha maji! Chumba cha pili nikasikia Lulu analia kwa sauti.

Mwamvita katoka. Mama mwali hatakiwi hata kuonekana, lakini katoka. Kapiga magoti, kamwamkia Mzee Jabiri shikamoo, kaomba radhi: mume wangu ana jipu mahali pabaya, kukaa hawezi. Mzee kanitazama kwa huruma, kasema naye liliwahi kumtoka, wiki nzima alikula amesimama. Wakakaa. Suleiman kafungua madirisha yote manne, upepo ukaingia bila fundi. Barua imepokelewa! Mie ukoo uliobaki nimeusikiliza nimesimama wima saa nzima, maana jipu ni jipu.

Jumapili, 18 Januari

Tathmini. Chombo hakina kosa lolote, wageni ndio hawakufuata maelekezo. Mwamvita kakibandua ukutani kwa kisu cha mboga, kakifungia kabatini, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Sawa. Wenye maono hatueleweki upesi.

Lulu kanishika mikono yote miwili. Kaniapisha kwamba siku ya harusi nitakaa kitini mwanzo mpaka mwisho, sitasimama, sitagusa ukuta wowote. Nimeapa. Na nimeapa kweli, maana kile kilio cha jana sitaki kukisikia tena maishani.

Halafu nimempigia Daniel. Ukumbi tuliouchagua una viyoyozi vinane. Anasema vyote vinane naweza kuviongoza kwa simu yangu, nimekaa palepale kitini, bila kugusa ukuta.